Gregor Mendel, mwalimu ambaye hakupata kamwe cheti cha ualimu

Kila mwanafunzi wa sekondari anayesoma biolojia hukutana na jina la Gregor Mendel. Hukutana naye kwenye ukurasa wenye njegere za manjano na za kijani, pamoja na vile viboksi vinne vya herufi kubwa na ndogo. Kitabu humwita baba wa elimu ya urithi, kisha mwalimu anaendelea na somo.

Kinachosahauliwa ni kwamba mtu huyo, ambaye leo hutungiwa maswali ya mitihani katika nchi zote za dunia, mwenyewe alianguka mtihani wa kumruhusu kufundisha sayansi hiyo. Alirudi kwenye viti vya wanafunzi akiwa na miaka 29, akajitayarisha upya, akaenda kwa mara ya pili mbele ya tume ya mtihani, na mara hiyo hakuweza hata kuumaliza. Alifundisha nusu ya maisha yake ya kazi kama mwalimu wa muda.

Kati ya mtihani wa kwanza na wa pili kulipita karibu miaka sita, kuanzia 1850 hadi 1856. Miaka hiyo haikumpa karatasi aliyokuwa anaitafuta. Hata hivyo, ukitazama kazi aliyoifanya baadaye katika bustani yake, utaona kwamba karibu kila chombo alichokitumia alikipata akiwa anajitayarisha kurudia mtihani.

Mtoto wa mkulima

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kinaitwa Hynčice na kiko katika Jamhuri ya Cheki. Wakati ule eneo hilo lilikuwa chini ya himaya ya Austria, na wakaaji wa kijiji walizungumza Kijerumani. Alibatizwa jina la Johann. Baba yake, Anton, alikuwa na shamba dogo, lakini sheria ya zamani ilimlazimisha kufanya kazi siku tatu kila juma kwenye ardhi ya bwana wa eneo, bila malipo. Siku zilizobaki ndizo alizolima chakula cha nyumbani na kutunza miti yake ya matunda.

Walimu wa kijiji waliona kwamba mtoto ana akili, wakawashauri wazazi wamtume mbali akasome. Alipelekwa kwanza Lipník, kisha kwenye shule ya sekondari ya mji wa Opava. Pesa zilikuwa chache. Wazazi walishindwa kulipia chakula chake chote, na mara nyingi kijana alisoma na njaa. Mwaka wa 1838 gogo la mti lilimwangukia baba yake alipokuwa katika kazi ile ya lazima, likamvunja kifua. Kuanzia hapo Johann, mwenye miaka 16, ilimbidi ajilipie mwenyewe kwa kuwafundisha wanafunzi wengine nyumbani kwao.

Alipomaliza sekondari aliingia chuo cha falsafa katika mji wa Olomouc. Kule hakuwa na mtu wa kumjulisha kwa watu, na hakupata wanafunzi wa kuwafundisha. Aliugua, akarudi kijijini, akabaki kitandani kwa muda mrefu. Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Theresia, aliyekubali kukatwa sehemu ya mali aliyotengewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka amalize masomo. Mendel hakusahau jambo hilo. Miaka mingi baadaye aliwasaidia watoto watatu wa kiume wa Theresia kusoma, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mtindo huo wa kuugua utarudi tena katika habari yake. Kila alipobanwa na wasiwasi mkubwa, mwili wa Mendel ulikataa. Hakuwa mvivu, na wote waliomfundisha walikubali hivyo. Lakini alikuwa mtu ambaye hofu ilimshusha kitandani kama malaria.

Mwaka wa 1843, mwalimu wake wa fizikia huko Olomouc, Friedrich Franz, alimpendekeza kwa watawa wa Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno. Alipokelewa, akapewa jina la Gregor. Kwa mtoto wa mkulima aliyechoka kuhangaikia chakula, monasteri ilikuwa mahali pa kusoma bila kufikiria kesho atakula nini. Watawa wa pale walijulikana kama wasomi. Kati yao kulikuwa na walimu wa shule, wataalamu wa mimea na wanamuziki. Mkuu wao, Abate Cyril Napp, alipenda kilimo na ufugaji, na tangu miaka ya 1830 alishiriki katika mijadala ya wafugaji wa kondoo waliotaka kujua ni sifa zipi ambazo mzazi humrithisha mtoto.

Padri asiyeweza kukaa kando ya wagonjwa

Mendel alipewa upadri mwaka wa 1847, na kazi yake ya kwanza ilikuwa parokiani. Ilimpasa kuwatembelea wagonjwa na watu wanaokata roho. Hakuweza. Kuona maumivu ya wengine kulimfanya yeye mwenyewe augue. Abate Napp alielewa, akamwondoa kwenye kazi hiyo, na mwaka wa 1849 akamtuma kufundisha katika shule ya sekondari ya mji wa Znojmo, kusini karibu na Vienna.

Hapo Mendel alijipata. Alifundisha hesabu na lugha za kale, wanafunzi walimpenda, na wakubwa wa shule wakaridhika naye. Tatizo lilikuwa moja tu. Hakuwa na cheti. Kwa sababu hiyo alihesabiwa kuwa mwalimu wa muda, na mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa wenzake waliofanya kazi ileile. Hali hiyo si ngeni kwa mtu yeyote katika nchi yetu anayemjua mwalimu anayesimama mbele ya darasa kila asubuhi lakini jina lake halimo kwenye orodha.

Wakati huohuo serikali ya Austria ilikuwa inarekebisha elimu baada ya mapinduzi ya 1848. Kanuni mpya ilitaka kila mwalimu wa sekondari apite mtihani wa serikali unaosimamiwa na maprofesa wa chuo kikuu. Wengi wa wanaotaka cheti hicho walikuwa wamesoma chuo kikuu. Mendel hakuwahi. Sayansi ya viumbe aliisoma peke yake, katika vitabu, saa za jioni. Pamoja na hayo, shule yake ilimtia moyo, naye mwaka wa 1850 akajiandikisha kufanya mtihani wa fizikia na wa sayansi ya viumbe.

Mtihani wa kwanza

Mtihani ulikuwa na hatua tatu. Ya kwanza ilikuwa kuandika insha ndefu akiwa nyumbani. Ya pili, kuandika chini ya usimamizi huko Vienna. Ya tatu, kujibu maswali kwa mdomo mbele ya tume.

Insha ya fizikia ilihusu hewa na upepo, na ilipokelewa vizuri na Andreas von Baumgartner, mwanafizikia aliyekuwa na sauti kubwa katika tume. Insha ya jiolojia ilihusu namna miamba ilivyoundwa, na haikumridhisha Rudolf Kner, profesa wa zuolojia. Hata hivyo Mendel aliruhusiwa kuendelea, na mwezi wa Agosti 1850 akasafiri kwenda Vienna.

Huko ndiko alikoanguka. Swali la fizikia alilijibu kwa kiasi cha kutosha. Lakini swali la Kner lilimtaka apange wanyama wanyonyeshao katika makundi yao na kueleza faida yao kwa binadamu. Mendel alijibu kama mtoto wa shamba anayewajua wanyama kwa macho. Aliwaita kwa majina ya kila siku, bila yale ya kisayansi, na makundi yakachanganyika. Katika maswali ya mdomo mambo hayakuwa mazuri zaidi.

Tume iliandika kwamba mtahiniwa ana bidii na hakosi kipaji, lakini maarifa yake hayatoshi kufundisha sekondari. Ilimruhusu kurudia mtihani, lakini si kabla ya mwaka mmoja kupita.

Leo ni rahisi kuwacheka maprofesa hao kwamba walimwangusha mtu mwenye akili kuwapita wote. Lakini ukisoma walichomtaka akijue, utaona kwamba hawakumwonea. Mwaka wa 1850 Mendel kweli hakujua zuolojia ya kutosha. Alikuwa amejifunza bila mwalimu, bila maabara, bila mtu wa kumkosoa. Mtihani ulisema ukweli juu ya kile alichopungukiwa siku ile. Haukuweza kusema lolote juu ya kile ambacho angekuja kukifanya, na hiyo haikuwa kazi yake.

Kurudi darasani

Mtu aliyeanguka mtihani huwa na njia mbili za kujitayarisha upya. Anaweza kufungua daftari zilezile na kuzikariri kwa nguvu zaidi. Au anaweza kutafuta chanzo cha upungufu wake. Mendel, akiwa peke yake, pengine angefuata njia ya kwanza. Waliomfungulia ya pili ni watu wawili.

Baumgartner, aliyempima na kumwona akishindwa, alishauri kwamba kijana huyo apelekwe chuo kikuu. Abate Napp alikubali kulipa. Alimwandikia askofu kueleza kwamba mtawa huyu hafai kwa kazi ya parokia lakini ana uwezo katika sayansi, na kwamba monasteri iko tayari kugharamia masomo yake. Baada ya kufundisha kwa muda mfupi katika shule ya ufundi ya Brno, Mendel aliondoka Oktoba 1851 kwenda Chuo Kikuu cha Vienna. Alikuwa na miaka 29, kati ya wanafunzi wengi waliokuwa wadogo kwake.

Alikaa huko hadi majira ya joto ya 1853. Orodha ya masomo aliyoyachagua inaonyesha mtu anayejaza mashimo moja baada ya jingine. Alisoma kemia. Alisoma mimea kwa Eduard Fenzl. Alisoma zuolojia kwa Rudolf Kner mwenyewe, yule aliyemwangusha. Alikaa kwenye benchi mbele ya mtu aliyeandika kwamba maarifa yake hayatoshi, akasikiliza na kuandika.

Lakini masomo matatu yalimpa kitu zaidi ya majibu ya mtihani.

La kwanza lilikuwa fizikia ya majaribio. Aliifundishwa na Christian Doppler, yule ambaye jina lake limebaki kwenye kanuni ya mawimbi ya sauti na mwanga inayotumika leo hata katika vipimo vya hospitali. Katika taasisi ya Doppler, Mendel alijifunza kwamba jaribio hupangwa kabla, kwamba unatenga jambo moja na kulipima, kisha unarudia mara nyingi ili bahati isikudanganye. Wataalamu wa mimea wa wakati ule hawakufanya kazi hivyo. Wao walitazama mmea mzima na kuueleza kwa maneno.

La pili lilikuwa hesabu. Andreas von Ettingshausen, aliyeshika taasisi hiyo baada ya Doppler kuugua, alikuwa ameandika kitabu juu ya hesabu za mipangilio, yaani namna ya kujua ni michanganyiko mingapi inaweza kutokea ukiwa na vitu kadhaa. Atakayezitazama hesabu za njegere za Mendel ataikuta hesabu hiyo ndani yake.

La tatu lilikuwa somo la Franz Unger juu ya maisha ya mimea. Unger alifundisha kwamba mmea wote hutokana na seli, na kwamba aina za mimea zinaweza kubadilika. Kwa fikra hizo alishambuliwa na magazeti ya Kikatoliki ya Vienna. Mtawa kutoka Brno aliendelea kuhudhuria darasa lake.

Mwaka wa 1856

Mendel aliporudi Brno hakukimbilia mtihani mara moja. Mwaka wa 1854 alipata nafasi ya kufundisha fizikia na sayansi ya viumbe katika shule kubwa ya sekondari ya mji huo, tena kama mwalimu wa muda. Wakati huohuo alianza kukusanya mbegu za njegere. Alichukua aina 34 na kuzipanda kwa miaka miwili ili kuhakikisha kwamba kila moja inazaa watoto wanaofanana nayo kabisa. Mwishoni alibaki na aina 22.

Mwezi wa Mei 1856 alikwenda tena Vienna kufanya mtihani. Mtu aliyekuja mara hii hakuwa yule wa 1850. Alikuwa amesoma chuo kikuu, amechapisha maandishi mafupi juu ya wadudu wanaoharibu mazao, na alikuwa na majaribio yake mwenyewe yanayomngoja bustanini.

Hakumaliza. Mwanzoni tu mwa mtihani aliugua, akajiondoa, akarudi Brno. Mwili uliomlaza Olomouc na parokiani ulimlaza tena. Kuna simulizi inayosema kwamba aligombana na Fenzl juu ya namna mbegu inavyotungwa, profesa akishikilia kwamba kiini cha mmea mpya hutoka upande wa kiume peke yake. Simulizi hiyo inapendwa kwa sababu inamfanya Mendel shujaa wa ukweli, lakini haina karatasi ya kuithibitisha. Kilicho hakika ni ugonjwa, na kwamba hakujaribu tena. Alikuwa na miaka 33.

Kwa mtu mwingine hadithi ingeishia hapo. Mendel alikuwa na bahati mbili. Shule yake ya Brno iliendelea kumwajiri bila cheti, na alifundisha hapo hadi 1868, miaka 14, akiwa mwalimu wa muda siku zote. Na monasteri haikumdai pesa zilizotumika Vienna wala kumuuliza matokeo yako wapi. Abate Napp alikuwa amemjengea kibanda cha vioo cha kutunzia mimea, na hakukibomoa.

Bustani ya mita 35

Mwaka huohuo wa 1856, Mendel alianza kuzalisha njegere kwa kuchanganya aina tofauti. Kipande cha ardhi alichokitumia chini ya madirisha ya monasteri kilikuwa na urefu wa mita 35 hivi na upana wa mita 7.

Kazi yenyewe ilihitaji mkono mtulivu. Alifungua ua kabla halijakomaa, akaondoa sehemu zake za kiume ili lisijitungishe lenyewe, akapaka chavua ya ua la aina nyingine, kisha akalifunika kwa mfuko mdogo ili wadudu wasiingilie. Alichagua sifa saba tu ambazo ziko wazi, kama vile rangi ya mbegu, umbo lake, na urefu wa mmea. Akafuata kila sifa kizazi baada ya kizazi, akihesabu.

Alipochanganya njegere za mbegu za manjano na zile za kijani, kizazi cha kwanza chote kilitoa mbegu za manjano. Kijani ilionekana kama imepotea. Alipoziacha hizo zijizalishe zenyewe, kijani ilirudi. Alihesabu mbegu 6,022 za manjano na 2,001 za kijani. Ni karibu tatu kwa moja. Sifa zote saba zilitoa uwiano uleule.

Kutoka hapo alifikia wazo ambalo hakuna aliyekuwa amelisema kwa uwazi hivyo. Kila mzazi hutoa kipande kimoja cha urithi kwa kila sifa. Vipande viwili hukutana kwa mtoto bila kuyeyuka pamoja kama maziwa na chai. Kimoja kinaweza kujificha nyuma ya kingine, na kutokea tena kwa mjukuu. Kwa miaka minane, hadi 1863, alilima mimea inayokadiriwa kufika 28,000.

Jaribio lililopangwa kama la Doppler, hesabu ya mipangilio ya Ettingshausen, na seli za Unger, vyote vimo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokuwa nacho alipoanguka mwaka wa 1850. Kama angepita mara ile ya kwanza, angebaki Znojmo akifundisha kwa mshahara kamili, na hakuna sababu ya kuamini kwamba angewahi kusoma Vienna.

Kimya cha miaka 35

Mwezi wa Februari na wa Machi 1865 alisoma matokeo yake mbele ya chama cha sayansi cha Brno, katika mikutano iliyofanyika kwenye shule ileile alikofundisha. Wasikilizaji walikuwa na heshima, lakini hakukuwa na mjadala wa maana. Mwaka wa 1866 maandishi yakachapishwa. Mendel aliagiza nakala 40 na kuzituma kwa wasomi. Mmoja wao, Carl Nägeli wa Munich, alimjibu na kuandikiana naye kwa miaka, lakini hakuona uzito wa jambo. Alimhimiza ajaribu mmea mwingine ambao, kama ilivyogunduliwa baadaye, mara nyingi hutoa mbegu bila kutungishwa. Matokeo yake hayakuafikiana na yale ya njegere, na Mendel akapoteza miaka na nguvu za macho yake.

Machi 1868, baada ya kifo cha Napp, watawa walimchagua Mendel kuwa abate. Ualimu wa muda uliishia hapo. Kazi za uongozi zilimla muda, hasa ugomvi mrefu na serikali juu ya sheria ya 1874 iliyotoza kodi monasteri. Alikataa kuilipa hadi mwisho. Alifariki tarehe 6 Januari 1884 kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka 61. Misa ya maziko ilipigiwa kinanda na Leoš Janáček, aliyekuja kuwa mwanamuziki mkubwa wa Cheki. Watu wa Brno walimzika abate mkarimu. Hawakujua kwamba wanamzika mwanasayansi.

Mwaka wa 1900, wataalamu watatu, Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria, walitangaza matokeo yanayofanana na yale ya njegere, na wakakuta kwamba mtawa mmoja aliwatangulia kwa miaka 35. Tschermak alikuwa mjukuu wa Eduard Fenzl, profesa wa mimea wa Vienna ambaye Mendel alikaa darasani mwake.

Kile kinachotugusa hapa Congo

Hesabu ya Mendel si jambo la vitabu peke yake. Nchi yetu ni kati ya zile zinazoumizwa zaidi na ugonjwa wa seli mundu, ule ambao watu wengi huuita kwa herufi mbili, SS. Kabla ya ndoa, vijana wengi leo huombwa kupima damu. Wote wawili wakionekana ni AS, wataambiwa kwamba katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto SS. Wao wenyewe hawaumwi. Kipande kimejificha, kama kijani ndani ya njegere ya manjano. Hiyo moja kati ya nne ndiyo zile mbegu 2,001 za bustani ya Brno.

Si kila anayeanguka mtihani ni Mendel, na kuanguka hakumfanyi mtu kuwa na akili. Wengi huumia nako tu. Mendel naye aliumia, na mara ya pili hakupona jeraha hilo kiasi cha kurudi. Lakini maisha yake yanatuonyesha mambo mawili yanayoweza kumsaidia anayejitayarisha kurudia. Kwanza, muda wa kujitayarisha una thamani yake wenyewe, ikiwa mtu anatafuta kile asichokijua badala ya kukariri upya kile alichokwisha kukisoma. Pili, haifai kumwacha mtu apambane peke yake. Kulikuwa na dada aliyetoa mali yake, mtahini aliyeshauri badala ya kudharau, na abate aliyelipa bila kudai matokeo.

Leo mjini Brno kuna chuo kikuu kinachoitwa Chuo Kikuu cha Mendel. Kila mwaka vijana wanaomaliza hapo hupokea diploma yenye jina la mwalimu ambaye hakupata cheti chake.